Muziki Nyumbani: Kwanza Maneno, Kisha Noti

Mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, atuuliza: amepewa wimbo wa kale wa Waingereza autengeneze kwa klarineti na piano, aanzie wapi?

Ndugu mwanafunzi, anzia kwenye maneno. Mwaka 1903 mtunzi Ralph Vaughan Williams alianza kuzunguka vijijini Uingereza, akiandika nyimbo kutoka vinywani mwa wazee, zisije zikafa pamoja nao. Mwaka 1926 alizitumia katika Six Studies in English Folk Song, kazi ya selo na piano ambayo hupigwa pia kwa klarineti. Humo hakuna mwimbaji, lakini wimbo ungali unaimba.

Basi jifunze beti, uziimbe, na mwisho wa kila mstari utie alama ya pumzi. Hapo ndipo mpiga klarineti naye atakapopumua.

Kisha andika noti. Klarineti ya kawaida ya wanafunzi ni ya Si bemoli: ikisoma Do, hutoa Si bemoli. Kwa hiyo piano ikiwa katika Fa, klarineti iandikie katika Sol. Usimvushe upesi anayeanza kutoka La ya nafasi ya pili kwenda Si ya mstari wa tatu, kwa maana hapo vidole karibu vyote hutakiwa kufunga matundu kwa mara moja. Piano nayo isirudie wimbo wote. Ishike sauti za chini, na klarineti inapopumua, iitikie kidogo.

Nyimbo za kwetu zastahili uangalifu uo huo. Mwaka 1958, huko Kamina, Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, na waimbaji wake walitoa Missa Luba: maneno ya Kilatini, nyimbo za asili ya Kongo. Lakini katika Kiluba, sauti ikipanda au ikishuka, neno laweza kugeuka maana. Asiyejua maneno atanyosha mahali pasiponyoshwa, na wenye wimbo hawatautambua.

Kwa hiyo, ukimaliza wimbo wa Waingereza, keti na nkambo wako, umwombe wimbo mmoja, uandike maneno yake yote. Nanyi wazazi, msimkemee mtoto akiomba ubeti urudiwe mara ya tatu. Noti zaweza kungoja hata mwakani, nkambo hangoji.