Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Bima Kuhusu Majedwali ya Vifo na Watahiniwa Wanaojisomea

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania.



Watakwimu bima ni wataalamu wanaotumia hisabati ya uwezekano, takwimu na kanuni za fedha kukadiria leo gharama ya mambo yatakayotokea kesho, yaani kifo, ugonjwa, ajali na uzee, ili mchango unaotozwa sasa utoshe kulipa ahadi siku yake ikifika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha fani hii kwa ngazi ya shahada, lakini shahada peke yake haimfanyi mhitimu kuwa mtakwimu bima kamili, kwa kuwa ithibati ambayo waajiri wengi huitambua hutolewa na vyama vya kitaaluma vya nje, hasa Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 2010 kwa kuunganisha chama cha London cha mwaka 1848 na kile cha Edinburgh cha mwaka 1856, pamoja na Society of Actuaries ya Marekani. Wengi wanaoitafuta ithibati hiyo kutoka Tanzania hujisomea wenyewe, usiku baada ya kazi, wakilipa ada kwa pauni au dola kutoka katika mshahara wa shilingi.

Njia hiyo ina mafunzo ambayo Mamlaka ingefaidika kuyajua. Mtahiniwa anayejisomea hugundua mapema kwamba kusoma kitabu hadi mwisho na kukielewa si maandalizi ya mtihani, na kwamba mwalimu wake wa kweli ni mitihani ya miaka iliyopita, inayofanywa kwa saa iliyowekwa mezani, pamoja na ripoti za watahini, ambazo chama cha Uingereza huzitoa bure na ambazo hueleza kwa ukali usiofichwa mahali watahiniwa walipokosea na sababu zake. Kwa karatasi za mwanzo, kama CM1 inayohusu thamani ya sasa, yaani kiasi ambacho kikiwekezwa leo kitatosha kulipa deni la baadaye, bidii ya mtu mmoja inaweza kutosha. Hali hubadilika katika karatasi za juu, kama CP1 inayopima utendaji wa kitaaluma, ambako swali haliombi jibu moja bali linauliza mtaalamu angezingatia nini kabla ya kushauri, na hapo mtu ambaye hajawahi kuketi katika chumba ambamo bei ya bima hupangwa hujikuta akiandika mambo aliyoyakariri. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliposimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, iliyotozwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ukieleza kwamba watoto wengi walikuwa wakiandikishwa wakiwa tayari wanaumwa, watahiniwa wa Dar es Salaam na Mwanza walipata mfano hai wa tatizo ambalo vitabu vyao hulieleza kwa wateja wa Ulaya, yaani hali ambapo wanaojua kuwa watahitaji bima ndio wanaokimbilia kuinunua. Hata hivyo waliupata kupitia magazeti, si mezani pa kazi.

Pengo kubwa zaidi liko katika takwimu zenyewe. Kitabu cha fomula na majedwali cha mwaka 2002, ambacho vizazi vya watahiniwa wa chama cha Uingereza wamejifunza nacho, kina jedwali liitwalo AM92, lililotokana na vifo vya wanaume wa Uingereza waliokuwa na bima ya maisha katika miaka ya 1991 hadi 1994. Jedwali la vifo ni orodha inayoonyesha, kwa kila umri, uwezekano wa mtu kufariki kabla ya kutimiza mwaka mwingine, na ndani yake mmefichika maisha ya watu halisi: lishe yao, hospitali zao, magonjwa yao na barabara zao. Mtahiniwa wa Tanzania hukokotoa kwa ustadi bima ya mwanamume wa Uingereza mwenye umri wa miaka 40, akafaulu, kisha akaulizwa na mwajiri wake kuhusu mfanyabiashara wa Kariakoo wa umri huohuo, asiwe na pa kushika.

Upungufu huo si wa kwanza katika historia ya taaluma. Edmond Halley, mwanafalaki wa Uingereza, alipochapisha jedwali lake mashuhuri mwaka 1693 na kulitumia kukokotoa bei ya malipo ya maisha, hakutumia takwimu za London, kwa sababu jiji hilo lilijaa wahamiaji na vifo vyake havikulingana na vizazi vyake. Alitumia kumbukumbu za mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, zilizokusanywa na mchungaji Caspar Neumann. Sifa nyingi alipewa Halley, ingawa bila mtu wa kutunza daftari na kukubali kulitoa asingekuwa na cha kukokotoa. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuchukua hatua ya aina hiyo, kwani kampuni zao za bima ziliunganisha takwimu za wateja wao na kupata majedwali yanayojulikana kama KE 2007–2010.

Mjadala wa kikokotoo cha pensheni, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, unaonyesha gharama ya kutojua, ingawa mifuko ya pensheni haiko chini ya ofisi ya Kamishna. Mtumishi aliyechangia miezi 360, mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka, kwa kanuni iliyompa 1/540 ya wastani huo kwa kila mwezi wa mchango, iliyotumiwa na iliyokuwa mifuko ya watumishi wa umma ya PSPF na LAPF, alistahili pensheni ya shilingi 8,000,000 kwa mwaka, ambayo nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo wa shilingi 62,000,000, na nusu nyingine kulipwa takriban shilingi 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya 1/580 iliyoanza Julai 2022, pensheni yake ya mwaka ilikuwa takriban shilingi 7,448,000, asilimia 33 yake ilizidishwa kwa 12.5, mkupuo ulishuka hadi karibu shilingi 30,700,000, na malipo ya mwezi yalipanda hadi karibu shilingi 416,000. Nyongeza hiyo ya kila mwezi, bila kuhesabu riba, ingehitaji zaidi ya miaka 31 kufidia mkupuo uliopungua, jambo ambalo halithibitishi kuwa kanuni ya zamani ilikuwa salama kwa mifuko. Mwaka 2024 Serikali iliipandisha asilimia hiyo hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50, na mjadala wa umma ulibaki kwenye asilimia, ilhali namba nzito zaidi ni 12.5, kwa kuwa ndiyo inayosema pensheni ya miaka mingapi inabadilishwa na fedha taslimu, na usahihi wake unategemea muda ambao wastaafu wa Tanzania huishi. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, husaidia kujua hali ya wananchi kwa ujumla, lakini wenye bima na pensheni ni kundi teule, ambalo kwa kawaida huishi zaidi ya wastani wa taifa.

Kamishna anaombwa, kwa hiyo, kuzielekeza kampuni za bima ya maisha kuwasilisha kwa Mamlaka, kwa muundo mmoja, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na sababu ya kutoka ya kila mteja, bila jina wala namba ya kitambulisho. Taarifa hizo zinatosha kutengeneza jedwali, na zikichapishwa kama jumla ya kila umri hazipaswi kugongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kazi ya kuzisafisha na kuzikokotoa ipewe watahiniwa wanaojisomea, kwa malipo ya kawaida na chini ya usimamizi wa watakwimu bima walioidhinishwa, maana uzoefu huo ndio wanaoukosa na Mamlaka haitapata kwa urahisi mikono mingine iliyo tayari kuifanya. Jedwali litakalopatikana lichapishwe wazi, pamoja na kasoro zake, ili chuo, kampuni, mfuko na mtahiniwa wa Kigoma vyote viweze kulihoji.