Msiuze kiwanja kwa ajili ya jina la chuo

Jumapili iliyopita nilikaa kwenye kikao cha familia kule Mbagala, kuanzia saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi. Ajenda ilikuwa moja. Mdogo wangu, mtoto wa shangazi, amepata barua tatu za kukubaliwa kusoma nadharia ya siasa, na ukoo unataka kuuza kiwanja cha Kigamboni ili aende kwenye moja kati ya hizo tatu. Anataka kuwa mhadhiri. Si mbunge, si mkurugenzi wa NGO. Mhadhiri. Nilitoka pale nimekasirika, nikawaambia nitaandika. Haya, ndugu zangu, naandika.

Barua ya kwanza ni ya chuo chenye jina kubwa London: shahada ya uzamili, mwaka mmoja, hakuna ufadhili hata wa nauli. Ya pili ni PhD kwenye chuo cha jimbo huko Marekani ambacho pale kikaoni hakuna aliyewahi kukisikia. Ada wamefuta, posho ya miaka mitano wanatoa, na yeye atafundisha semina za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ya tatu ni ya Makerere, ile programu ya uzamivu ya MISR. Majina ya vile viwili vya kwanza nayaacha.

Mjomba, ambaye amefundisha chuoni miaka mingi na sasa ni mstaafu, ndiye aliyetoa hukumu. "Mwanangu, jina la chuo ndiyo CV. London ni London." Watu wakapiga makofi. Makofi! Ada ya chuo cha aina ile kwa mwanafunzi wa kutoka nje inavuka pauni 25,000, yaani kama shilingi milioni 80, kabla hujalipa chumba wala hujanunua koti.

Nianze kwa kumpa mjomba haki yake, maana sitaki aseme nimemvunjia adabu mbele za watu. Jina linahesabika kweli. Mwaka 2015 watafiti watatu, Clauset, Arbesman na Larremore, walichapisha kwenye Science Advances utafiti wa ajira za vyuo vikuu vya Marekani katika fani tatu, historia ikiwemo. Walikuta robo tu ya vyuo inazalisha kati ya asilimia 71 na 86 ya walimu wenye nafasi za kuelekea ajira ya kudumu. Kabla yao, mwaka 2012, Robert Oprisko aliangalia sayansi ya siasa peke yake, akakuta nusu ya walimu wa vyuo vikubwa vya utafiti walitoka kwenye vyuo 11. Vyuo kumi na kimoja! Mwaka 2022 ukaja utafiti mwingine kwenye jarida la Nature, wa fani zote: vyuo vitano tu, Berkeley, Harvard, Michigan, Stanford na Wisconsin-Madison, vimefundisha takriban mmoja kati ya kila walimu wanane.

Kwa hiyo mjomba hajakosea? Subiri kwanza. Takwimu zote hizo zinahesabu chuo kilichokupa PhD. Hakuna mahali zinapohesabu chuo kilichokupa uzamili wa kulipia. Ukimaliza mwaka wako London unarudi kwenye foleni ileile ya kuomba PhD, pamoja na yule ambaye hakwenda, tofauti ikiwa kwamba yeye bado ana kiwanja. Mzee amechukua ukweli wa soko moja akautumia kwenye soko jingine, na hili ndilo kosa ninalolikuta kila mahali, kuanzia maonyesho ya vyuo vya nje hotelini hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu.

Sisemi uzamili wa Uingereza haufai. Ukiupata kwa Chevening au Commonwealth, nenda mbio, beba na sufuria. Ninachopinga ni kuulipia kwa ardhi ya ukoo.

Sasa twende ndani ya idara yenyewe, maana huko ndiko watu wazima hawaangalii. Idara ya sayansi ya siasa ya Marekani ni kama nyumba ya kupanga yenye wapangaji wanne au watano: siasa za Marekani, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, mbinu za utafiti, na mwisho kabisa, chumba cha uani, nadharia ya siasa. Idara inaweza kuwa na walimu thelathini na wananadharia wakawa watatu. Idara ndogo ina mmoja. Akistaafu huyo mmoja, wenzake wanakaa kikao na mara nyingi kiti chake kinapewa mtu wa takwimu. Ugomvi huu si wa jana. Oktoba 2000 ilisambazwa barua pepe ya mtu aliyejiita "Mr. Perestroika", asiyejulikana mpaka leo, akilalamika kwamba chama cha wanasayansi wa siasa wa Marekani na jarida lake vimetekwa na watu wa hesabu. Kelele zilikuwa kubwa, kamati zikaundwa, na nafasi za nadharia zikabaki chache vilevile.

Maana yake kwa mdogo wangu ni hii. Idara inaweza kusifika dunia nzima kwa uchaguzi na takwimu, lakini ikashindwa kumpatia mwananadharia wake kazi. Sifa ya nyumba si sifa ya chumba cha uani.

Nilifanya kazi niliyosomea. Nikafungua orodha ya wahitimu ya kile chuo cha jimbo, ile wanayoweka kuonyesha nani kaajiriwa wapi, nikaanza kuchuja. Ukiisoma harakaharaka unafurahi. Ukiwatoa wa siasa za Marekani na wa uhusiano wa kimataifa, orodha inapungua kama sabuni. Waliobaki ukiwagawa, kuna wenye nafasi za kudumu, kuna wa mkataba wa mwaka mmoja, kuna wa utafiti wa muda baada ya uzamivu. Wote wamewekwa chini ya neno moja: ameajiriwa. Na walioacha njiani hawamo kabisa. Hakuna chuo kinachotundika picha za walioshindwa, lakini mwombaji ana haki ya kuuliza: katika miaka kumi iliyopita waliingia wananadharia wangapi, wamemaliza wangapi, kwa miaka mingapi, na wako wapi leo?

Kile chuo hakikutoka vibaya. Hakikutoka vizuri sana pia. Kina wananadharia wanne, na wawili kati yao wamewahi kusimamia tasnifu kuhusu fikra za Afrika na Karibiani. Hilo ni jambo kubwa kuliko jina, kwa sababu nadharia ya siasa si kitu kimoja. Kwa mazoea ya Oxford utafundishwa kupanga hoja kama mwanafalsafa. Cambridge, kwa watu waliomfuata Quentin Skinner, utaulizwa mwandishi alikuwa anajibizana na nani mwaka ule alipoandika. Chicago ya Leo Strauss walikuwa wanasoma Plato mstari kwa mstari kama watu wa madrasa, na Chicago hiyohiyo leo anafundisha Adom Getachew, ambaye kitabu chake cha 2019, Worldmaking after Empire, kinamweka Nyerere mezani pamoja na Nkrumah na Manley kama wananadharia, siyo kama picha za ukutani. Mdogo wangu anataka kuandika juu ya uhuru na wajibu katika fikra za Nyerere. Mpeleke kwenye idara ambayo mtu pekee anayemjua Nyerere ni mwalimu mmoja anayestaafu mwakani, uone atakavyoteseka. Kanuni yangu: usimfuate mwalimu mmoja hata awe nani. Anahama, anastaafu, anakufa, au mnagombana. Tafuta angalau watatu unaoweza kuwapelekea sura ya kwanza.

Halafu kuna swali ambalo kwenye kikao kizima hakuna aliyeliuliza: anataka kufundisha wapi? Mimi nilimuuliza jikoni, akasema, "Kaka, mimi nataka kurudi Mlimani." Basi hesabu zinabadilika! Matangazo ya kazi ya vyuo vyetu vya umma yamezoea kudai GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili kwa mhadhiri msaidizi, vyeti vya nje lazima vitambuliwe na TCU, na bila PhD huendi kuwa mhadhiri kamili. Kamati itauliza PhD iko wapi. Koti la London halina alama pale.

Ndiyo maana ilinikera barua ya Makerere ilipopitwa kwa sekunde kumi, eti "hiyo ni ya jirani". Programu ile ilianza mwaka 2012 chini ya Mahmood Mamdani, ambaye mwenyewe alichukua PhD Harvard mwaka 1974 na kufundisha Dar es Salaam miaka ya 1970. Aliianzisha kwa hasira ya wazi dhidi ya utamaduni wa ushauri wa kulipwa, ambapo msomi wa Kiafrika anakusanya data na nadharia inaandikwa kwingine. Miaka mitano, masomo ya darasani, kusoma kweli. Taasisi ile imekuwa na migogoro yake, tena hadharani, na jina lake halitamfungulia mlango wa Princeton. Lakini kwa mtu anayetaka kurudi Mlimani? Inastahili zaidi ya sekunde kumi.

Na Marekani nayo si ile mnayoifikiria. Oktoba 2025 Harvard, tajiri kuliko vyote, ilitangaza kupunguza nafasi za PhD kwa zaidi ya nusu katika fani nyingi. Desemba 2025 Rais Trump alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye nchi zenye vikwazo vya viza, na za wanafunzi zimo. Kwa hiyo hata ile posho ya miaka mitano inaweza kuishia kwenye dirisha la ubalozi. Nimemshauri awaandikie kuuliza kama wanaweza kumhifadhia nafasi mwaka mmoja, na awaandikie Makerere siku hiyohiyo kuuliza ufadhili wao ukoje kwa maandishi. Vyuo vingi vya Marekani vinampa mwombaji mwenye ufadhili mpaka tarehe 15 Aprili kujibu. Hakuna haja ya kumruhusu mtu yeyote amkimbize kabla ya hapo, dalali wa viwanja akiwemo.

Jana usiku mjomba kanipigia. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, halafu akaniuliza ile orodha ya wahitimu inapatikana wapi, na kama na ya London ipo. Nimemtumia. Shangazi anasema dalali alikuja asubuhi, kaambiwa arudi wiki ijayo.