Wapangaji wa Edmonton tunalipia joto linalotoroka





Nyumba nyingi tunazomudu kupanga hapa Edmonton zilijengwa miaka ya 1950 na 1960. Kuta zake ni fremu za mbao zenye nafasi ya sentimita 9 hivi tu ya kutia sufi ya kuzuia joto lisitoke. Mwezi wa Januari, ukiweka kiganja mbele ya soketi iliyo kwenye ukuta wa nje, unasikia upepo wa baridi. Bawaba za mlango zinaota barafu kwa ndani. Maji yanatiririka dirishani na kuleta ukungu palepale anapolala mtoto, na hita haipumziki usiku kucha.

Nilipomlalamikia mwenye nyumba, alinijibu kwamba hita ni nzima. Kanuni za afya za jimbo la Alberta zinataka vyumba viweze kupashwa joto hadi nyuzi 22, lakini haziweki kiwango cha sufi kwa nyumba za zamani. Basi nyuzi 22 zinafika, zinatorokea darini, na bili ya gesi analetewa mpangaji. Huku ni kujaza maji kwenye pakacha. Mwenye uwezo wa kuziba dari haumizwi na bili. Anayeumizwa haruhusiwi kugusa ukuta. Hapo ndipo ilipo dhuluma.

Hata msaada ulitupita kando. Mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 2021, uliotoa hadi dola 5,000 kwa ukarabati wa aina hii, ulilenga nyumba ambazo wenyewe wanaishi humo. Mwaka 2024 ukafungwa kwa waombaji wapya.

Wala hatuwezi kuambiwa kwamba ujuzi haupo. Mwaka 1977 mjini Regina, katika jimbo jirani la Saskatchewan lenye baridi kama yetu, ilijengwa nyumba ya majaribio yenye kuta nene zilizojazwa sufi na kuzibwa zisipitishe upepo. Haikuhitaji hita ya kawaida.

Jiji letu limepita watu milioni moja, na tangu Januari 2024 kanuni mpya zinaruhusu nyumba nyingi zaidi katika kiwanja kimoja. Hilo ni jema, lakini halimfai aliyebaki ndani ya nyumba kuukuu.

Naiomba halmashauri ya jiji imtake mwenye nyumba amwonyeshe mpangaji bili za gesi za majira ya baridi yaliyopita kabla mkataba haujatiwa saini, na dari zikaguliwe kabla nyumba haijapangishwa. Serikali nayo ifungue msaada kwa nyumba za kupanga, kwa sharti kwamba kodi isipandishwe kwa kisingizio cha ukarabati.

Wapangaji wenzangu, tunzeni bili zenu na mzipeleke kwa diwani wenu. Tukinyamaza, tutaendelea kulipa.

Mpangaji,
Edmonton, Kanada