Nani Atalipia Lori la Taka? Plastiki ya Kakuma na Ahadi ya Uchumi wa Mzunguko

Ukitembea Kakuma asubuhi baada ya usiku wa upepo, huhitaji mtaalamu wa kukueleza tatizo la plastiki. Mifuko imening'inia kwenye ua wa miiba, pakiti tupu zimejaa mitaroni, na vipande vya turubai kuukuu vinapeperuka kuelekea laga ya Tarach. Sasa tafuta mtungi wa lita 20 uliotupwa. Hutaupata kwa urahisi. Mtungi ukitoboka huzibwa. Ukipasuka hukatwa ukawa beseni au chombo cha kupandia sukuma wiki. Ukishindikana kabisa, yuko mtu wa kuununua kwa kilo.

Anayeutunza mtungi na anayeutupa mfuko mara nyingi ni mtu yule yule, katika nyumba ile ile. Kwa hiyo tukisema taka zimejaa kwa sababu watu hawajaelimishwa, tunakosea. Kinachoamua ni bei. Plastiki yenye mnunuzi huokotwa bila semina yoyote. Isiyo na mnunuzi hupeperuka au huchomwa.

Nafanya kazi ya mawasiliano katika shirika la misaada, na maneno "uchumi wa mzunguko" nimeyaandika mara nyingi kwenye ripoti na mabango. Maana yake si ngumu. Katika uchumi tuliouzoea, kitu hutengenezwa, hutumiwa, kisha hutupwa. Katika uchumi wa mzunguko, tunaanza kwa kupunguza kinachoingia, kisha tunatumia tena, tunakarabati, na mwisho kabisa tunachakata ili mali ghafi irudi kiwandani. Mpangilio huo una maana. Kuchakata ni hatua ya mwisho, ingawa ndiyo tunayopenda kuipiga picha. Leo naomba tuyapime maneno haya kwa mizani ya kawaida.

Kilo moja ni chupa ngapi?

Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa takriban gramu 10 hadi 20. Ili upate kilo moja, unahitaji chupa kati ya 50 na 100. Mtungi mmoja wa lita 20, kwa upande mwingine, unakaribia kilo moja peke yake. Ndiyo maana muokotaji atauchukua mtungi kwanza, kisha viti na makarai yaliyovunjika, na chupa za maji atazifikia siku ambayo hana kingine.

Baada ya kuokota kuna safari. Viwanda vingi vya kuchakata plastiki nchini Kenya viko Nairobi na miji ya karibu nayo. Kutoka Kakuma hadi huko ni zaidi ya kilomita 700. Lori likijazwa chupa ambazo hazijabanwa, sehemu kubwa ya mzigo wake ni hewa, na mafuta ya gari hayapungui kwa sababu mzigo ni hewa. Msomaji wa Nyarugusu, huko Kigoma, anaijua hesabu hii vizuri, maana Dar es Salaam iko mbali zaidi kutoka kwake.

Ndiyo sababu mifano mizuri ya mjini haihamishiki kambini kama ilivyo. Nairobi kuna Gjenge Makers, kampuni ya Nzambi Matee, inayotengeneza matofali ya kutandaza kwa plastiki na mchanga. Mwaka 2020 Nzambi alitambuliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia. Kazi yake ni ya kupongezwa. Lakini yeye yuko mjini, penye taka nyingi za viwanda, umeme na wateja wa matofali. Anayetaka kuanzisha kazi kama hiyo Turkana anapaswa kujibu kwanza maswali ya umeme, vipuri na soko. Mashine iliyoletwa kwa mradi wa mwaka mmoja, bila majibu hayo, nayo itageuka taka.

Kuna jambo jingine. Kwa miaka mingi mkimbizi amehitaji kibali ili kusafiri nje ya kambi. Anayekusanya plastiki hawezi kuibeba mwenyewe kutafuta bei nzuri. Anasubiri mwenye lori, na bei anayopewa ni ile mwenye lori anayotaka kutoa.

Ile isiyo na mnunuzi

Tazama chini ya chombo chochote cha plastiki. Mara nyingi utakuta pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni plastiki ngumu kama ya mitungi. Namba 5 hupatikana kwenye vifuniko na ndoo nyingi, na magunia ya nafaka yaliyofumwa kwa plastiki ni ya aina hiyo pia. Hizi zinaweza kuchakatwa, zikiwa safi na zikitenganishwa. Lakini pakiti ndogo za sabuni, viungo na vitafunio mara nyingi huundwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ni gharama kubwa kuliko thamani yake. Hizo ndizo zinazobaki.

Zikibaki, huchomwa. Tunachoma jioni, karibu na nyumba, wakati watoto wako nje. Moshi wa plastiki una masizi na kemikali zinazodhuru mapafu, na plastiki ya namba 3, ile ya mabomba na baadhi ya nyaya, ikichomwa hutoa sumu ya dioksini. Ikiwa katika boma lako kuna mtoto mwenye pumu au mzee anayekohoa, jambo hili si la mazingira tu. Ni la afya ya nyumba yako.

Majirani zetu Waturkana nao wana hasara yao. Mbuzi anayekula mfuko wenye chumvi au mabaki ya chakula hawezi kuumeng'enya. Mfuko hubaki tumboni, mingine ikaongezeka, mnyama akakonda na hata kufa akiwa anaonekana ameshiba. Kwa familia inayoishi kwa mifugo, mbuzi ni akiba, ni maziwa na ni karo. Tukizungumzia amani kati ya wakimbizi na jamii mwenyeji, mbuzi huyu naye awe kwenye ajenda.

Inaletwa na nani?

Hapa lazima niseme kweli kuhusu sisi wenye mashirika. Sehemu kubwa ya plastiki iliyoko kambini haikununuliwa na mkimbizi dukani. Ilikuja kama msaada: turubai, mitungi, ndoo, magunia ya nafaka, vyandarua, vifungashio vya sabuni na sodo. Vitu hivi vinaokoa maisha, na sitaki yeyote akose turubai kwa ajili ya kulinda mazingira. Lakini turubai likipigwa na jua la Turkana huanza kuchanika na kupukutika, na ni nadra mpango wa kuligawa kuwa na mpango wa kulikusanya.

Siku moja, katika maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani, shirika ninalolifanyia kazi liligawa maji ya chupa kwa watu waliokuja kusikiliza mafunzo ya kupunguza plastiki. Nyuma yetu palikuwa na bango kubwa la plastiki lililochapishwa mwaka, kwa hiyo halikuweza kutumika mwaka uliofuata. Mimi ndiye niliyeliagiza. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kulichukua akazibe paa. Alilichukua, na kwa kweli yeye ndiye aliyefanya uchumi wa mzunguko siku hiyo.

Sheria ipo, ila taka ni za nani?

Kenya haikosi sheria. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Marufuku ya Kenya, hata hivyo, haikugusa vifungashio ambavyo bidhaa hufungwa kiwandani, na hivyo ndivyo vingi mitaroni leo.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi. Inataka taka zitenganishwe zinakotoka, kaunti ziwe na vituo vya kutenganisha na kuokoa kinachofaa, na mzalishaji au mwagizaji wa bidhaa abebe wajibu wa kifungashio chake hata baada ya mteja kukitupa. Kanuni za wajibu huo zilichapishwa mwaka 2024. Kwa maneno mengine, anayetengeneza pakiti ndogo ya sabuni anapaswa kuchangia gharama ya kuikusanya, hata ikiishia Kalobeyei.

Kimataifa tusitegemee msaada wa haraka. Mwaka 2022 nchi zilikubaliana Nairobi kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yaliisha bila makubaliano.

Swali la karibu zaidi ni hili: taka za kambini ni za nani? Kwa Katiba ya mwaka 2010, uzoaji wa taka ni kazi ya kaunti. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu kambi ianze mwaka 1992, kazi hiyo imetegemea mashirika na wafadhili. Sasa Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja, chini ya huduma za serikali. Mwaka huo huo fedha za misaada zilipungua sana, hata mgao wa chakula ukakatwa. Familia isiyo na chakula cha kutosha haitaosha chupa ili izitenganishe kwa ajili ya mazingira. Itafanya hivyo ikiwa kuna malipo.

Tudai nini, tufanye nini?

Kwa maoni yangu, pesa kidogo zilizopo zisianzie kwenye mashine kubwa wala mabango. Zianzie kwenye kituo cha kununulia plastiki chenye mizani inayoonekana na bei iliyoandikwa ukutani, pamoja na mashine ya kubana au kusaga ili lori libebe plastiki badala ya hewa. Waokotaji, wakimbizi na wenyeji, wasajiliwe kama kikundi kimoja, wapewe glavu na viatu, na wauze kwa pamoja. Watoto wawe shuleni, si jalalani. Kila shirika linaloleta bidhaa lieleze kwenye bajeti yake jinsi kifungashio kitakavyoondoka. Na mchango wa wazalishaji, ambao sheria inautaja, usaidie kulipia barabara ndefu ya kutoka huku.

Wewe nyumbani unaweza kutenga gunia moja la plastiki ngumu na chupa, kavu, mbali na mabaki ya chakula. Zisichanganywe, kwa sababu uchafu hushusha bei. Bomba na nyaya kamwe usizichome.

Na kwenye mkutano ujao wa bloku, au kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, inua mkono uulize mambo matatu. Plastiki mnayoleta itaondokaje? Kilo moja italipwa shilingi ngapi, na bei hiyo imewekwa na nani? Mradi ukiisha, lori litalipiwa na nani? Ukipewa jibu la swali la tatu, liandike pamoja na jina la ofisi iliyolitoa. Ukikosa jibu, liulize tena mkutano unaofuata, na umwombe jirani yako aliulize pia.