Utani una wenyewe: ulimi wa uwanjani na maradhi ya nafsi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni mchezo wa kriketi.

Wengi wetu tunaujua mchezo huu kwa mbali. Wako wanaokumbuka mwaka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na ndugu yetu Aasif Karim wa Mombasa, akiwa na umri wa miaka 39, alipowatoa Waaustralia watatu kwa kuwaachia mikimbio 7 tu. Hata hivyo, leo hatukukusudia kueleza ufundi wa mchezo. Tunakusudia kueleza yale yanayosemwa uwanjani, na yale yanayowapata wanaoambiwa.

Kriketi ya kulipwa ina mtihani wake. Mechi kubwa huchezwa siku tano. Mpigaji husimama mbele ya mpira mgumu wenye uzito wa zaidi ya gramu 150, unaorushwa kwa mwendo unaoweza kukaribia kilomita 150 kwa saa. Akikosea mara moja, ametoka, na huenda akakaa siku nzima akiliwaza kosa lake. Safari za timu huchukua wiki nyingi, mbali na mke na watoto. Mtu anaweza kuwa na jina, fedha na mashabiki, na bado usiku akawa peke yake hotelini na moyo uliojaa wahka.

Juu ya mzigo huo hupandishwa mwingine, ambao ni ulimi. Imekuwa ada katika mchezo huu kwa wachezaji wanaomzunguka mpigaji kumrushia vijembe, kejeli na vitisho ili akili yake itoke kwenye mpira. Wako waliofanya jambo hilo kuwa mbinu rasmi ya vita, wakitamka wazi kuwa lengo ni kuivunja akili ya mpinzani. Na anayelalamika huambiwa kwamba huo ni utani tu, na kwamba ya uwanjani huishia uwanjani.

Sisi tunasema kwamba maneno hayo si ya kweli. Yaliyotokea Brisbane, Australia, mwezi Novemba 2013 ni ushahidi wa kutosha.

Jonathan Trott wa England alikuwa mpigaji aliyetunukiwa na Baraza la Kimataifa la Kriketi tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2011. Katika mechi ile ya Brisbane alipata mikimbio 10 mara ya kwanza na 9 mara ya pili, na mara zote mbili alitolewa na Mitchell Johnson. Mechi ikiwa bado inaendelea, David Warner wa Australia alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema kuwa Trott alitoka kinyonge, na kwamba Waingereza walikuwa na macho ya woga. Siku ya mwisho, kinasa sauti cha uwanjani kilimnasa nahodha wa Australia, Michael Clarke, akimwambia James Anderson kwa lugha ya matusi ajiandae kuvunjwa mkono. Clarke alitozwa faini ya asilimia 20 ya malipo yake ya mechi.

Siku iliyofuata ikatangazwa kuwa Trott anarudi nyumbani kwa sababu ya maradhi yatokanayo na msongo wa mawazo, maradhi aliyokuwa akiishi nayo kwa muda.

Hapa tunapenda kuwa waadilifu. Hatusemi kwamba maneno ya Warner ndiyo yaliyomwuguza Trott. Taabu yake ilianza kabla ya safari ile. Lakini uzito wa jambo uko hapo hapo. Yule aliyemwita mnyonge hakujua kuwa anazungumza na mgonjwa. Aliona mpigaji aliyeshindwa, hakuona mtu aliyekuwa akijikokota kutoka chumbani kwenda uwanjani. Wahenga wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kurusha neno hana namna ya kujua linaangukia wapi, na kwa kuwa hajui, hana haki ya kulirusha kisha akadai kuwa halikudhuru.

Watetezi wa ada hii wana hoja yao. Wanasema uko mpaka, na wao hawauvuki. Mwaka 2017 Nathan Lyon wa Australia alisema kuwa wao huugonga mpaka huo kwa kichwa lakini hawaupiti. Swali letu ni moja tu: mpaka huo ameuchora nani? Ukitazama utaona kuwa kila mara umechorwa na msemaji, wala si msikilizaji. Na siku msemaji anapogeuka msikilizaji, mpaka huhama.

Tazameni yaliyotokea Durban, Afrika Kusini, mwezi Machi 2018. Warner yule yule alimfokea Quinton de Kock kwenye ngazi za kuelekea vyumba vya wachezaji, hata wenzake wakamzuia. Alieleza kuwa alisikia neno chafu kuhusu mke wake. Waafrika Kusini walijibu kuwa yeye ndiye aliyeanza kuingiza mambo binafsi. Wote wawili waliadhibiwa, Warner faini ya asilimia 75 na de Kock asilimia 25. Hatumlaumu mume kwa kuona uchungu anapotajiwa mkewe. Tunachokiona ni kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tulirudie sasa neno utani, kwa kuwa sisi watu wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri kuliko wengi. Utani una wenyewe. Upo kati ya makabila na makabila, kati ya babu na mjukuu, kati ya shemeji na shemeji. Mtani hukutania nawe ukamjibu, wote wawili mkacheka, na hakuna anayechagua siku ya udhaifu wako ili akumalize. Zaidi ya hayo, utani una wajibu. Siku ya msiba mtani huwa miongoni mwa wa mwanzo kufika, akabeba jeneza, akachota maji, akawachekesha wafiwa ili wapate kula. Mtani asiyeonekana msibani si mtani.

Kwa mizani hiyo, tupime kisa cha Azeem Rafiq. Huyu ni Mwislamu aliyezaliwa Karachi, akakulia Uingereza na kuichezea klabu ya Yorkshire. Mwaka 2020 alijitokeza kueleza kuwa kwa miaka mingi alikuwa akiitwa kwa majina ya kudharau asili yake. Tarehe 16 Novemba 2021 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, akazungumza kwa machozi. Alieleza kuwa mateso yale yalimfikisha karibu na kujitoa uhai. Alieleza pia kuwa mwaka 2018, mtoto wake wa kiume alipozaliwa akiwa amekwisha kufariki, baadhi ya wakubwa wa klabu walimtendea bila ya utu. Na katika uchunguzi wa awali baadhi ya maneno aliyoambiwa yalikuwa yameitwa utani wa kirafiki! Je, utani gani huu usiojua njia ya kwenda msibani? Mwaka 2023 Yorkshire ilitozwa faini ya pauni 400,000, ambapo 300,000 kati ya hizo ziliahirishwa kwa masharti.

Rafiq hakuwa Mwislamu wa kwanza kupigwa kwa ulimi katika mchezo huu. Mwezi Agosti 2006 mjini Colombo, mtangazaji Dean Jones, akidhani sauti yake haiendi hewani, alimwita Hashim Amla wa Afrika Kusini gaidi, kwa sababu ya ndevu zake na dini yake. Jones alifukuzwa kazi, akaomba radhi, na Amla akaipokea radhi hiyo. Miaka sita baadaye, Julai 2012, Amla alipiga mikimbio 311 mjini London bila kutolewa, wa kwanza kutoka Afrika Kusini kufikia 300 katika mechi ya siku tano. Naye Moeen Ali wa England aliandika mwaka 2018 kuwa mchezaji mmoja wa Australia alimwita Osama katika mechi ya Cardiff ya mwaka 2015. Aliyetuhumiwa alikana, na uchunguzi ukafungwa bila ya hatua kuchukuliwa.

Lakini ndugu zetu, tusiyasome haya kama watu wasio na lawama. Januari 2019, mjini Durban, nahodha wa Pakistan, Sarfaraz Ahmed, ambaye amehifadhi Qur'ani, alinaswa akimkejeli Andile Phehlukwayo kwa weusi wa ngozi yake na kumtaja mama yake. Alifungiwa mechi nne. La kushukuru ni kwamba alimwendea mwenzake ana kwa ana, akamwomba radhi, akasamehewa. Rafiq naye, siku chache baada ya kutoa ushahidi wake bungeni, alilazimika kuomba radhi kwa maneno ya kuwadharau Wayahudi aliyoyaandika mwaka 2011, na hakutafuta udhuru. Sura ya Al-Hujurat inapokataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, haikuwaambia jirani zetu peke yao. Imetuambia sisi kwanza, na haikuuacha nje uwanja wa mpira.

Wapo watakaosema kuwa bila ya ukali wa maneno hakuna ushindi. Ni kweli kuwa Australia ilishinda mechi zote tano za mfululizo ule wa mwaka 2013 na 2014. Lakini aliyewatoa Waingereza ni mkono wa Johnson, aliyechukua wiketi 37, si mdomo wa mtu. Na uko mfano wa upande wa pili. Januari 2013 New Zealand ilitolewa kwa mikimbio 45 tu mjini Cape Town. Nahodha wao mpya, Brendon McCullum, alikaa na wenzake wakajitazama, na miongoni mwa waliyoyaamua ni kuacha kuwarushia wapinzani maneno, kwani waliona hiyo haikuwa tabia yao. Timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2015, ikafika tena mwaka 2019, na mwaka 2021 ikatwaa ubingwa wa dunia wa mechi za siku tano. Kwa hiyo ulimi safi haumzuii mtu kushinda.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo linalozihusu zaidi nyumba zetu. Marcus Trescothick aliondoka katika ziara ya India mwaka 2006, na ya Australia mwaka huo huo, kwa sababu ya wasiwasi na sonona. Mwaka 2008 alieleza yote katika kitabu, akaendelea kuichezea Somerset hadi 2019. Virat Kohli wa India alisimulia mwaka 2019 jinsi alivyoona dunia imemfikia mwisho katika ziara ya England ya 2014, alipopata mikimbio 134 tu katika vipindi kumi vya kupiga. Mwaka 2018 alirudi huko huko akapata 593. Ben Stokes aliomba kupumzika mwezi Julai 2021, na mwaka uliofuata akakabidhiwa unahodha wa England. Na Trott yule aliyeitwa mnyonge aliteuliwa mwaka 2022 kuwa kocha wa Afghanistan, akaifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la mechi fupi mwaka 2024.

Hawa walisema, wakasikilizwa, wakatibiwa, wakarudi. Si wote waliojaaliwa hivyo. Graham Thorpe, aliyeichezea England mechi 100 za siku tano, alifariki mwezi Agosti 2024, na familia yake ikaeleza hadharani kuwa alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na sonona. Mkewe na mabinti zake walikuwa wakimpenda. Maradhi haya huweza kuingia hata katika nyumba yenye mapenzi.

Sasa tujiulize: kijana wetu akisema kuwa halali, hali, na hataki kutoka nje, sisi humwambia nini? Wengine humwita goigoi. Wengine humwambia imani yake ni dhaifu. Maneno hayo yana tofauti gani na ya Warner? Nabii Yaakub (A.S.) alilia kwa kumkosa mwanawe hata macho yake yakapofuka, na hakuna awezaye kusema kuwa Nabii alipungukiwa na imani. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni. Basi huzuni inayomlemea mtu si aibu, na kumpeleka kwa daktari wa maradhi ya akili hakupingani na kumsomea dua. Yote mawili ni kutafuta tiba, na kutafuta tiba tumeamrishwa.

Tunawausia wazazi, walimu wa madrasa na makocha wa watoto wetu mambo matatu. Kwanza, mtoto afundishwe kuwa mpinzani wake ni mtu, ana mama na ana moyo, na kwamba penye mashaka juu ya neno, kimya ni bora. Pili, anayemtukana mwenzake uwanjani atolewe nje hata kama ndiye mfungaji wetu bora, kwani mzaha mzaha hutunga usaha. Tatu, anayesema kuwa ameelemewa asikilizwe siku hiyo hiyo, kabla ya kuulizwa kwa nini na kabla ya kupewa mawaidha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe ndimi zetu, awaponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi, na atujaalie tuwe wa kwanza kufika pale ndugu zetu wanapoanguka. Amin.

Wabillahi tawfiq.