Samaki si pambo la sebule

Siku hizi bi harusi akipamba nyumba yake mpya, baada ya pazia na zulia hutaka na tangi la samaki sebuleni. Sina ugomvi na tangi. Ugomvi wangu ni pale anapochagua samaki kwa rangi tu, asiulize anaishi vipi.

Mchukue jeofagasi, samaki wa mito ya Amerika ya Kusini. Jina lake la Kigiriki maana yake ni mla udongo. Dukani utamkuta mdogo kama kidole, lakini aina kama Geophagus altifrons wa Amazon hupita sentimita 20. Kutwa huchota mchanga kwa mdomo, akachambua chakula kilichomo, na mchanga ukatokea kwenye matamvua. Ndiyo kazi yake. Ukimwekea changarawe za rangi ili picha zipendeze, umemfungia njia ya riziki, na zile kali zinaweza kumjeruhi mdomo. Tena hapendi upweke. Anataka wenzake, kundi linataka tangi la mamia ya lita, na sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki.

Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kioo nacho ni kifungo. Basi mwenzangu, kama huna nafasi wala mchanga laini, pamba sebule kwa maua. Kiumbe hai ni amana.