Mgeni Hapewi Jembe Mlangoni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninadai kwamba methali hii inavunjwa katika mashamba ya Italia, na kwamba sisi wanafunzi tunaosifu "kujitolea" huko bila kuuliza maswali tunasaidia kuivunja.

Mpango unaosifiwa zaidi ni WWOOF, mtandao ulioanzishwa Uingereza mwaka 1971 na Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyetaka kutoka mjini mwishoni mwa juma akafanye kazi shambani. Leo kijana hupokewa katika shamba la kilimo hai huko Toscana au Umbria. Hufanya kazi saa 4 hadi 6 kwa siku, akichuma zeituni au kupalilia mizabibu, naye hupewa chakula na malazi. Mshahara hakuna. Sina ugomvi na hilo. Mgeni amekaribishwa, amekula na wenyeji, kisha ameshika jembe. Methali imetimia.

Ugomvi wangu ni kwamba katika nchi hiyo hiyo wapo wageni wengine. Kusini, katika mashamba ya nyanya ya Foggia, wamo vijana wengi waliotoka Afrika Magharibi. Hao huitwa vibarua, na wengine hawana hati. Wapo wanaoajiriwa kupitia wanyapara wanaokata sehemu ya ujira wao, ingawa sheria namba 199 ya mwaka 2016 inakataza unyonyaji huo. Agosti 2018, ndani ya siku 3, ajali mbili za barabarani karibu na Foggia ziliua vibarua 16 wa Kiafrika waliokuwa wakirudi kutoka kuvuna nyanya. Watu kama hao hupewa jembe mlangoni. Zile siku mbili za ugeni hawazioni.

Na sisi wa Uganda je? Mtandao huo una mashamba kwetu pia. Kijana wa Milano akitaka kuja kupalilia migomba, huomba viza kwa intaneti akapanda ndege. Mimi nikitaka kwenda kwao, nitalipa euro 90 za viza ya Schengen, ambazo sirudishiwi hata nikinyimwa. Tena nitoe taarifa za benki na nithibitishe kwamba nitarudi nyumbani.

Nitajibiwa kwamba viza ni kazi ya serikali, mkulima hana kosa. Kweli, mkulima hatoi viza. Lakini Italia ina makubaliano ya likizo za kazi na Australia, New Zealand, Kanada na Korea Kusini, na vijana wa huko huruhusiwa kuingia na kufanya kazi kwa muda. Basi njia inajulikana. Nchi zetu hazimo kwa sababu hakuna aliyezidai kwa sauti ya kutosha, wala huko wala hapa.

Wengine watasema tunatafuta kuhamia Ulaya kwa kisingizio cha jembe. Uganda ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye wakulima wengi zaidi waliothibitishwa kuwa wa kilimo hai. Anayetoka katika kilimo cha namna hiyo ana la kujifunza Umbria, na ana la kufundisha pia.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna wajibu wetu hapa, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Nimesikia darasani mipango hii ikitafsiriwa kuwa "ujima". Ujima ni leo kwako, kesho kwangu. Jirani anayelimiwa kila msimu bila kwenda kulima kwa wenzake tungemtafutia jina jingine, na si zuri. Mpaka mlango ufunguke pande zote mbili, tuuite mpango huu kwa jina lake: likizo ya wenye pasipoti nzuri. Na wanaouendesha, Italia na Uganda, waanze kudai viza ya kubadilishana kwa vijana wa mashamba. Wakiipata, wasitupunguzie saa hata moja. Kulima tunajua.